Plagi Janja za Sokoni: Kipimo Chake ni Umeme Ukikatika

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani kuna plagi janja, hizi unazochomeka ukutani kisha kifaa chako kinachomekwa juu yake, unawasha na kuzima kwa simu. Mambo ya kuamrisha kwa sauti, mara Alexa, mara Google, hayo mnayajua na kila boksi limeyachora ubavuni, kwa hiyo sitayagusa. Nakwenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho maboksi mengi hayakiandiki, na ndicho kinachonifanya niipende plagi moja na nyingine niiache palepale dukani: umeme ukikatika halafu ukarudi, plagi inafanya nini?

Msiondoke, jaribio tunalifanya sasa hivi.

Tazameni hapa. Hii ni ekstensheni ya kawaida yenye swichi yake. Swichi hiyo leo ndiyo TANESCO. Walioko Kenya iiteni Kenya Power. Kwenye ekstensheni kuna plagi janja, na juu ya plagi kuna taa ya mezani. Nawasha kwa simu. Mmesikia hiyo "tik"? Ni rilei iliyomo ndani, kiswichi kinachovutwa na sumaku ya umeme na kuunganisha njia ya umeme. Taa imewaka. Sasa naizima kwa simu. Tik, imezimika. Plagi bado ina umeme, ila njia ya kwenda kwenye taa imekatwa. Mmeelewa hapo? Taa nimeizima mwenyewe, kwa hiari yangu.

Nakata umeme kwenye ekstensheni. Nasubiri kidogo. Narudisha.

Tik. Taa inawaka!

Hili ndilo linaloniudhi. Plagi imetoka kiwandani imepangwa kwamba umeme ukirudi, iwake, haijalishi uliiacha vipi. Sasa ondoa taa hapo, weka pasi. Mtu kamaliza kupiga pasi saa mbili usiku, kaizima kwa kitufe cha plagi, swichi ya ukutani hajaigusa kwa sababu anaamini imezimika, pasi kailaza kwenye meza yenye kitambaa. Umeme unakatika saa tano, unarudi saa nane watu wamelala. Ni pasi ya wati 1,000 au 2,000, na hakuna mtu aliyeiwasha. Pasi nyingi zina themostati, lakini themostati inazuia pasi kupita joto ulilochagua tu. Joto hilo hilo likikaa juu ya kitambaa usiku kucha linatosha kuunguza meza.

Dawa ipo, tena ni ya nusu dakika. Kwenye programu ya Smart Life, ile ya kwenye simu inayoendesha plagi hii, fungua plagi yako, gusa mipangilio, tafuta panapoandikwa Relay Status. Matoleo mengine ya programu huandika Power-on Behavior au maneno yanayokaribiana. Hapo ndani kuna chaguo tatu: izimike, iwake, au ikumbuke hali ya mwisho. Nachagua izimike. Nawasha taa. Nakata ekstensheni, narudisha. Kimya. Hakuna tik, taa haijawaka. Hapo sasa! Nabadilisha, naweka ikumbuke. Taa ikiwa imewaka: nakata, narudisha, tik, imewaka. Naizima, nakata, narudisha. Kimya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi.

Pasi, birika la umeme, jiko la umeme, hita ya chumbani, chochote kinachotoa joto: weka izimike. Bila mjadala. Feni na taa ya nje: ikumbuke. Rauta ya waifai, ukilazimika kuiweka kwenye plagi janja, iwake, maana ukiizima kwa simu ukiwa nje ya nyumba hutaweza kuiwasha tena kwa simu hiyo hiyo. Njia uliyopitia umeshaikata.

Friji ndipo watu wanapokosea zaidi. Ukiweka izimike, umeme ukikatika dakika kumi tu, friji haitawaka mpaka mtu aguse simu au kitufe, na nyama ya wiki nzima inaoza umeme ukiwepo. Kwa hiyo friji iwake. Ila kuna jambo la pili. Umeme ukirudi, mara nyingi huja unayumba, na kompresa iliyozimika ghafla inahitaji dakika kadhaa gesi itulie kabla haijaanza tena. Plagi janja hailijui hilo, inawasha papo hapo. Kazi hiyo ni ya friji gadi, kile kifaa cha kuchelewesha umeme dakika chache na kukata volti zikishuka au zikipanda mno. Mpangilio uwe hivi: friji gadi ukutani, plagi janja juu ya gadi, friji mwisho. Gadi ikishikilia umeme, plagi yenyewe inakuwa haina umeme. Gadi ikiachia, plagi inaamka, inaona imepangwa iwake, friji inaanza. Na kama lengo lako ni kujua tu friji inakula kiasi gani, pima siku nzima, saa 24, kisha itoe plagi. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na kila tik ya namna hiyo inachoma kidogo vinundu vya rilei, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme.

Hiyo inanipeleka kwenye maandishi ya ubavuni. Sogeza kamera. Imeandikwa 16A. Mguu wake ni wa pini tatu za bapa, hizi tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Soketi ya aina hii ni ya ampea 13. Zidisha 13 kwa volti 230 unapata wati 2,990, hapo ndipo mwisho. Hiyo 16 huenda inaihusu rilei, au imetoka kwenye toleo la Ulaya lenye pini za duara, lakini ukutani kwako hakuna ampea 16. Na wati 2,990 ni kikomo, sio mahali pa kukaa masaa. Mzigo unaokaa muda mrefu usizidi wati 2,000. Birika la wati 2,200 linachemka dakika nne na kuzima, halina shida. Hita ya chumbani ya wati 2,000 inayowaka kwa muda wa saa sita, gusa plagi baada ya dakika kumi na tano: vuguvugu ni sawa, ikiwa inakufanya utoe mkono, itoe. Shawa ya umeme, ile ya kuogea, usithubutu. Hizo huanzia kama wati 3,500 kwenda juu na zina waya wake na sakiti breka yake.

Pampu ya maji? Mnauliza sana kwenye komenti. Pampu ya nusu hospawa ina takriban wati 370 za kazi, unaona ndogo, lakini ni mota, inaanza kwa kishindo kama kompresa. Rilei ya bei nafuu inaweza kugandana. Dalili yake ni hii: umezima kwenye simu, programu inasema imezimwa, lakini wati bado zinasoma 400 na pampu inanguruma. Vinundu vimeshikana, plagi hiyo ni ya kutupa. Kwa pampu mwite fundi akufungie kontakta, yaani swichi kubwa ya mizigo mizito inayovutwa na koili yake. Plagi janja iendeshe koili ya kontakta tu, mzigo mkubwa upite kwenye kontakta.

Na hapo mmeona kwa nini nasisitiza mnunue yenye kupima umeme. Bila kipimo, ukiwa mbali usingegundua rilei imegandana. Plagi isiyo na kipimo ni ya bei nafuu zaidi na nilitaka kusema kwa taa na feni inatosha... lakini hapana, kadiri ninavyoieleza ndivyo naona ongezea hiyo pesa. Chapa ya Tapo, kwa mfano, ina P100 isiyopima na P110 inayopima; kwa nje ni ndugu, soma namba kabla hujalipa. Chapa ya Sonoff wanatumia programu yao ya eWeLink, nayo ina mpangilio wa umeme ukirudi. Hizi zisizo na jina kubwa nyingi zinatumia Smart Life au Tuya, na uzuri wake ni kwamba plagi za viwanda mbalimbali zinakaa kwenye programu moja. Mkiona neno Matter kwenye boksi, huo ni mfumo wa pamoja uliotoka mwaka 2022, unaruhusu kifaa kuongea na mifumo tofauti ndani ya nyumba. Ni mzuri, ila usilipie zaidi kama huna kifaa cha kuusimamia.

Kuhusu kuokoa umeme, tupige hesabu ya kweli. Tivi na king'amuzi vikiwa vimezimwa kwa rimoti tu, tuseme vinakula wati 15 kwa pamoja. Saa 18 kwa siku ni wati-saa 270, kwa mwezi ni uniti 8 hivi, maana uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, kwa bei ya kawaida, takriban shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, ni kama shilingi 2,900 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100 kila uniti kabla ya kodi na tozo, anaokoa kama 800. Plagi yenyewe nayo inakula: ikiwa ni wati moja, kwa mwaka ni karibu uniti 9. Kwa hiyo kuiweka kwenye chaja ya simu ni hasara tupu, chaja isiyo na simu inakula chini ya plagi yenyewe. Faida iko kwenye vitu vinavyosahaulika vikiwaka, na kwenye kujua. Namba ya volti peke yake ina thamani: saa mbili usiku ikisoma 185 wakati inatakiwa 230, unajua kwa nini friji inahangaika, na una kitu cha kuwaonyesha watu wa shirika.

Kuunganisha. Wengi wanakwama hapa wanasema plagi ni mbovu. Plagi nyingi zinashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, ya 5 GHz haziioni. Kama rauta yako imeunganisha zote mbili kwa jina moja, ingia kwenye mipangilio uzitenganishe, au izime ya 5 kwa muda. Washa Bluetooth na lokesheni kwenye simu. Bonyeza kitufe cha plagi sekunde tano mpaka kitaa kipepese haraka haraka, fungua programu, ongeza kifaa, weka nenosiri la waifai. Ikigoma, bonyeza tena sekunde tano mpaka kitaa kipepese polepole. Hapo plagi inatoa waifai yake yenyewe, unajiunga nayo kwa simu halafu unarudi kwenye programu. Na tafadhali, msiiunganishe kwenye hotspoti ya simu unayotoka nayo. Ukitoka, plagi imebaki yatima.

Ratiba nayo ina siri yake. Nyingi hazina betri ya saa ndani. Umeme ukikatika zinasahau saa ngapi, zinasubiri intaneti ziulize. Bando likiwa limeisha, taa ya nje ya saa moja jioni inaweza isiwake. Jaribu mwenyewe: weka ratiba ya dakika tano mbele, zima rauta, uone kama plagi itatii. Kisha rudia, lakini safari hii ichomoe plagi na kuirudisha rauta ikiwa bado imezimwa. Kitufe cha pembeni kinafanya kazi siku zote, mwonyesheni kila mtu wa nyumbani, na waambieni swichi ya ukutani iachwe imewashwa.

Kabla ya kulipa dukani: pini ziwe tatu za bapa, usinunue ya pini za duara ukategemea adapta, adapta ndiyo inayopata moto. Isome volti 230 au 100 hadi 240. Ndugu aliyeko Marekani akikutumia yenye kikomo cha volti 125, usiichomeke hata mara moja. Angalia kama ina fyuzi. Angalia upana, kuna zinazoziba soketi ya jirani. Halafu mwambie muuzaji aichomeke, aiwashe kwa kitufe, aizime, akate umeme ukutani na kuurudisha. Sikiliza kama kutakuwa na tik. Ikiwaka yenyewe, muulize mpangilio wa kubadilisha uko wapi kwenye programu. Kama hajui au haupo, chukua nyingine.

Video ijayo ni plagi hizi zikiwa kwenye inveta ya sola, maana kuna inveta ambazo mawimbi yake yanafanya kipimo kisome uongo. Sabskraibu uione ikitoka, na kwenye komenti niandikie volti zinazosoma kwako saa mbili usiku, na uko mtaa gani.