Tarbia au shairi huru: njia mbili za kutunga shairi la kuchekesha darasani

Mwanafunzi aliyeagizwa kutunga shairi la kuchekesha huwa na njia mbili mbele yake. Katika tarbia, yenye mishororo minne kila ubeti na kwa kawaida mizani (silabi) 16 kila mshororo, hulazimika kuhesabu silabi na kusaka vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, kabla ya kicheko kupatikana, lakini kibwagizo humlipa jasho lake: mshororo kama "Mbuzi kala shati langu, mwalimu hakusadiki" ukirudi mwishoni mwa kila ubeti, baada ya kisingizio kipya kila mara, darasa huanza kuusubiri na hucheka hata kabla haujasomwa. Hatari yake ni kina kinachomburuta mtunzi hadi kwenye neno lisilohusiana na kisa.

Shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, humwachia nafasi ya kunasa mazungumzo jinsi yalivyo, na mshororo wa neno moja unaweza kuchekesha kwa kushtukiza tu. Hata hivyo, rasimu ya kwanza mara nyingi hugeuka insha iliyokatwakatwa.

Binafsi, ningemshauri anayeanza achague tarbia, aandike kibwagizo kwanza, kisha asome kila ubeti kwa sauti, kwa kuwa sikio hugundua upesi kuliko jicho mizani iliyopungua.