Tiba ya usemi kwa mtoto wa Kihispania na Kiingereza: uzoefu wangu hapa Houston

Mwanangu ana miaka minne na nusu. Baba yake ni Mmeksiko, mimi ni mtu wa Tanga. Nyumbani Kihispania ndicho kinachotawala, kwa sababu tunaishi na bibi yake mzaa baba na yeye hajui lugha nyingine. Shuleni ni Kiingereza. Kiswahili anakipata kwangu na kwenye simu za nyumbani. Anakielewa kuliko anavyokisema. Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko Marekani mnaolea watoto wa lugha mbili tatu, maana nilipokuwa nahangaika na jambo hili sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili.

Tatizo lilikuwa hili: sisi wa nyumbani tulimwelewa, watu wa nje hawakumwelewa. Mwalimu alikuwa akiambulia neno moja moja tu. Mtoto akaanza kukasirika na kusukuma wenzake. Daktari wa watoto aliagiza kwanza apimwe masikio, na yakaonekana mazima. Msiiruke hatua hiyo hata kama mnaona mtoto anasikia vizuri.

Kliniki ya kwanza ilimpima kwa Kiingereza peke yake, kisha tukaambiwa tuache Kihispania nyumbani asije akachanganyikiwa. Niliumia sana. Tukiacha Kihispania, bibi na mjukuu wataongea nini? Na ushauri wenyewe hauna msingi. Lugha mbili hazimletei mtoto ugonjwa wa usemi, na ASHA, chama cha wataalamu wa usemi na masikio Marekani, kinasema wazi hivyo.

Tukahamia kwa mtaalamu anayezungumza lugha zote mbili, na huduma yake ndiyo ninayoisifia hapa. Siku ya kwanza hakugusa vifaa. Alituuliza nani anaongea na mtoto lugha gani, saa ngapi, wakati wa kula au wa kulala. Akauliza na Kiswahili, akaandika maneno ambayo mtoto anayasema. Baadaye akampima kwa kipimo kiitwacho BESA, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kihispania na Kiingereza wa kuanzia miaka 4 hadi 6 na miezi 11. Msamiati aliuhesabu kwa kuunganisha lugha: kitu ambacho mtoto anakijua jina kwa Kihispania tu hakikuhesabiwa kuwa hakijui.

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo liko wapi. Sahani kwa Kihispania ni «plato», mwanangu alisema «pato», ambayo ni bata. Kwa Kiingereza «blue» ikawa «boo», «play» ikawa «pay». Yaani konsonanti mbili zikikutana, moja inaanguka, na inaanguka katika lugha zote mbili. Mtaalamu alisema hiyo ndiyo dalili ya kuifanyia kazi. Lakini «spoon» akiitamka «espoon», hilo si ugonjwa, kwa sababu katika Kihispania neno halianzi na sauti s ikifuatiwa na konsonanti, na mtoto anaweka irabu mbele kama wanavyofanya watu wazima wengi wa kwao. Aliyempima kwa Kiingereza tu aliyaweka yote katika kapu moja.

Tiba yenyewe ni mchezo. Wanaanza na pl, bl na fl, kwa sababu zimo katika lugha zote mbili, na mazoezi ya upande mmoja husaidia upande wa pili. Mtoto analisha mwanasesere kwa sahani ya plastiki, na hapati chakula cha kumlisha mpaka aseme «plato» yenye l yake. Bibi naye anapewa kazi ya nyumbani, picha za kutaja wakati wa kula, na anaisimamia kwa bidii kuliko sisi sote. Sasa mwalimu anamwelewa kwa sehemu kubwa, na kusukumana kumepungua. Ile «rr» ya kutetemesha ulimi bado hana, ila tumeambiwa tusiwe na haraka, hata watoto wa Kihispania kitupu huipata kwa kuchelewa.

Kasoro zipo. Wataalamu wa lugha mbili ni wachache na orodha ya kusubiri ilitukatisha tamaa. Kikao ni cha nusu saa, na mtoto akija na usingizi muda unaishia kwenye kumbembeleza. Vikao vya video havikumfaa kabisa, alikuwa akiikimbia kompyuta. Bima inalipa sehemu tu, na hela inayobaki tunaisikia mfukoni.

Kama hela ni ngumu, jueni kwamba sheria ya shirikisho iitwayo IDEA inawapa watoto kuanzia miaka 3 haki ya kupimwa bure na shule za umma za eneo lao, hata kama hawajaanza shule. Ombeni kwa barua na mbaki na nakala. Sheria hiyo hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Kwa walio chini ya miaka 3 hapa Texas kuna mpango wa ECI, wa kuwasaidia watoto wadogo wanaochelewa kukua au kusema.

Mkipiga simu kliniki, msiulize tu kama wanapokea watoto wa Kihispania. Ulizeni nani atampima, kwa lugha zipi, na kama ni mtaalamu mwenyewe anayeongea au ni mkalimani. Mimi huduma hii naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya foleni na nusu saa isiyotosha.