Uzoefu wangu: nimeandikiwa sivii mara mbili hapa Malindi, ya 300 na ya 1,500

Sivii (CV, ile karatasi ya kuombea kazi) yangu ya kwanza nilitengenezewa kwenye saiba moja pale mjini, hizi sehemu za kompyuta na intaneti za kulipia, shilingi 300 pamoja na kuprinti kopi mbili, na dakika kumi na tano ilikuwa tayari. Siku hiyo nilijiona nimepata bei. Kijana aliniuliza jina, shule, KCSE nilipata ngapi, namba ya simu, basi, mengine akayachota kwenye sivii ya mtu mwingine aliyokuwa nayo kwenye kompyuta. Na mimi sikuisoma, kosa langu hilo nalikubali, niliangalia tu jina langu limeandikwa kubwa juu na mstari wa bluu chini yake nkaona mambo ndo hayo.

Nimekuja kuisoma vizuri mbele ya meneja. Ilikuwa hoteli moja upande wa Casuarina, natafuta kazi ya stoo, mama mmoja kwenye paneli akafika peji ya mwisho akatabasamu, akasema naona unapenda kuogelea, tena Kitaliano unakijua fasaha, vizuri sana maana wageni wetu wengi ni Waitaliano. Yaani mimi mtu wa Marafa, maji mengi niliyoyazoea ni ya jerikeni! Kitaliano changu ni ciao na quanto costa, kinaishia hapo. Badala ya kusema ukweli nkababaika nkajibu eti naogelea kidogo, akauliza wapi, nkasema baharini, na jasho linanitoka kama nimetoka huko baharini kweli. Wakaniambia watanipigia simu. Mpaka leo.

Sasa huyu wa pili ndo nataka kumweleza. Ni mama mtu mzima, alifanya kazi kwenye ofisi za hoteli miaka mingi, siku hizi anafanyia kwake nyumbani Barani na watu wanampata kwa kuambiana tu. Anachukua 1,500, hiyo ni sivii, barua ya maombi, na mazoezi ya intavyuu mara mbili. Bei iliniuma sitaficha, ilikuwa mwezi wa tano, mvua zinanyesha na hoteli nyingi zimefunga, 1,500 wakati huo ni pesa. Nikamwomba nilipe nusu nusu kwa M-Pesa akakubali.

Nilidhani nikifika atafungua laptopu aanze kuandika. Wapi. Nimempa shikamoo, marahaba mwanangu kaa hapo, akachukua ile sivii yangu ya saiba akaisoma na biki nyekundu mkononi, akaniuliza haya maneno "mchapa kazi anayeweza kufanya kazi chini ya presha" ni yako? Nkasema hapana. Akayakata. Akakata dini, akakata namba ya kitambulisho, akakata nimeoa au sijaoa, akasema hayo mwajiri hayahitaji ili ajue kama unaweza kazi, na sheria ya ajira ya 2007 yenyewe inakataza kubaguliwa kwa dini au ndoa, sasa wewe mbona unamwekea mezani? Cheti cha mwenendo mwema na pini ya KRA (namba ya kodi) akaniambia niwe navyo tayari kwenye faili, vikitakiwa nitoe, siyo nivijazie sivii.

Halafu ndo akaanza kunihoji, karibu saa nzima. Mimi nilishamwambia sina uzoefu, nimekaa tu kwenye hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) ya baba mdogo miaka miwili. Umekaa unafanya nini? Naandika saruji inayoingia na inayotoka. Lori ngapi kwa wiki? Mbili. Nani anahesabu? Mimi. Hesabu ikikosa nani anaulizwa? Mimi. Akanitazama akasema mwanangu hiyo ndo kazi ya stoo unayoitafuta, na kwenye hii karatasi haimo hata neno moja. Kweli kabisa, kijana wa saiba hakuniuliza na mimi nilikuwa naona aibu kuiandika hadwea. Sivii mpya ikawa peji moja na nusu, hadwea ikakaa juu kabisa, lori mbili kwa wiki, hesabu ya stoo kila Jumamosi. Kwenye lugha akaandika Kitaliano cha salamu na bei tu. Kuogelea kukafa hapo hapo. Na marefarii, yaani watu wa kunishuhudia wanaowekwa kwenye sivii, akanilazimisha niwapigie simu mbele yake niwaombe ruhusa, mmoja namba ilikuwa imeshabadilika tangu mwaka juzi!

Mazoezi ya intavyuu ndo yalinifaa zaidi. Anakaa upande wa pili wa meza, hacheki, ukisema "aaah" anagonga meza. Swali lililonisaidia ni la maziwa: mapya yamefika na ya zamani bado yapo kwenye friji, utapanga vipi? Nilikuwa nataka kujibu kwa maneno makubwa ya kitabuni, akanizuia, akasema nijibu kwa saruji ninayoijua. Basi intavyuu yenyewe, Watamu hiyo, wakaniuliza karibu vile vile, nkawaambia huko kwetu mfuko wa zamani unatoka kwanza na chini tunaweka mbao maana unyevu ukiingia saruji inaganda, na maziwa nayo ukiyasahau yanaganda. Shefu akacheka sana, hata meneja akaandika kitu.

Kasoro anazo. Aliniahidi Alhamisi nikaipata Jumatatu, eti stima zilipotea siku mbili, sawa, lakini simu alikuwa nayo angeniambia nisipande tuktuk bure. Pia anakupa pidiefu tu, ukitaka kubadilisha hata namba ya simu unarudi kwake na ni 200 kila mara. Hilo silipendi mpaka leo, nimeshalipia kazi, nipe na faili ninayoweza kuiandika mwenyewe. Na kama wewe ni wa kulia haraka jiandae, mimi siku ya kwanza nilitoka pale macho mekundu.

Watamu walinichukua, mkataba wa miezi sita, stoo ya jikoni. Anayetaka namba yake aniambie kwanza nimuulize mwenyewe kama anapokea watu sasa hivi. Ukienda beba flashi yako na umwombe faili la Word kabla hujamaliza kulipa, na usiende Ijumaa mchana, hayupo.