Nebbiolo ya Produttori del Barbaresco: chupa tatu, madaraja mawili, zabibu ya aina moja

Anayeanza kujifunza mvinyo wa Italia hukwama mapema kwenye herufi za lebo: IGT, DOC, DOCG, yaani madaraja ya kisheria ya mvinyo, kuanzia lenye kanuni nyepesi hadi lenye kanuni kali. Huambiwa kwamba DOCG ndilo daraja la juu kabisa, hulipa zaidi kwa ajili yake, kisha hujiuliza kwa nini chupa moja ya daraja hilo imempendeza na nyingine haikumwachia chochote cha kukumbuka. Njia bora niliyoipata ya kuzielewa herufi hizo ni kununua chupa tofauti za mzalishaji mmoja, zote za aina moja ya zabibu, na kuzionja kwa kuzilinganisha. Kwa kazi hiyo sijamwona anayefaa kuliko Produttori del Barbaresco, ushirika wa wakulima wa kijiji cha Barbaresco katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia.

Ushirika huu uliundwa mwaka 1958 na padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, aliyewakusanya wakulima 19 wenye mashamba madogo ambao peke yao wasingeweza kuishi kwa zabibu zao. Mvinyo wa misimu mitatu ya mwanzo ulitengenezwa chini ya kanisa, kabla ya kujengwa kiwanda upande wa pili wa uwanja, mahali kilipo hadi leo. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi: mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya kilimo cha mizabibu ya Alba, alikuwa ameunda ushirika wa namna hiyo hapo hapo kijijini, nao ukaja kufungwa enzi za utawala wa Kifashisti. Leo wanachama wamepita 50 na mashamba yao yamepita hektari 100. Kila mwanachama hukabidhi zabibu zake zote za aina ya nebbiolo kwa ushirika, na malipo yake hufuata ubora wa zabibu alizoleta, si uzito peke yake. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalonifanya niiamini hata chupa yao ya bei ya chini: mkulima hana njia ya kubakiza zabibu nzuri nyumbani na kuupelekea ushirika makapi.

Nebbiolo ni zabibu ngumu kuitunza. Huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, mara nyingi hadi mwezi Oktoba, kwa hiyo hupewa miteremko inayotazama kusini, kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Mvinyo wake una rangi hafifu inayomdanganya mtu, kwa kuwa ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe unaona wekundu mwepesi unaoelekea rangi ya tofali pembeni, na unatarajia kinywaji laini. Kisha unaonja, na ukakasi unashika fizi na ulimi kama wa bibo ambalo halijaiva vizuri, huku uchachu ukiyajaza mate mdomoni. Harufu ni ya waridi, cheri na lami. Anayetaka mvinyo mtamu au mwororo tangu mnywo wa kwanza hatautaka huu, nami sitajaribu kumshawishi.

Chupa ya kwanza ni Langhe Nebbiolo, ya daraja la DOC. Langhe ni jina pana la vilima vinavyouzunguka mji wa Alba, na kanuni zake ni nyepesi: nebbiolo isipungue asilimia 85, wala hakuna muda wa lazima wa kukaa kwenye pipa. Ushirika huu hutumia nebbiolo tupu, na mvinyo hutoka mapema ukiwa bado na uchangamfu wa tunda. Ni chupa ya kufungua siku hiyo hiyo iliyonunuliwa, pamoja na nyama ya kuchemsha au tambi za mayai, na kwa bei yake sioni cha kuulaumu. Kasoro yake ni moja, nayo ni kwamba ladha haikai: ukishameza, kinywa kinabaki kitupu upesi.

Chupa ya pili, Barbaresco, ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Ni ya daraja la DOCG, na hapa sheria inabana kweli. Zabibu lazima iwe nebbiolo peke yake, itoke Barbaresco, Neive, Treiso au kipande kidogo cha eneo la Alba kinachoitwa San Rocco Seno d'Elvio; mavuno yasizidi tani 8 kwa hektari; na mvinyo ukomazwe kwa miezi 26, ambayo 9 kati yake iwe ndani ya mbao. Kabla ya kuuzwa hupimwa maabara na kuonjwa na jopo, kisha kila chupa hubandikwa ukanda wa serikali wenye namba yake. Ukiionja baada ya ile ya Langhe, tofauti haihitaji mtaalamu. Tunda ni lile lile, lakini limetulia, ukakasi umejipanga badala ya kukwaruza, na ladha ya waridi na lami inaendelea kukaa kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Ifungue saa moja au mbili kabla ya chakula, na usiinywe ikiwa na joto la chumba wakati wa kiangazi. Nyuzi 16 hadi 18 zinaitosha.

Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba ukanda ule ni cheti cha ladha nzuri. Unachothibitisha ni asili na utaratibu. Mfumo wa DOC ulianza kwa sheria ya mwaka 1963, na majina ya kwanza ya DOCG, Barbaresco likiwa mojawapo pamoja na Barolo (mvinyo mwingine wa nebbiolo wa Piemonte) na Brunello di Montalcino, yalipata hadhi hiyo mwaka 1980. Kati ya miaka hiyo baadhi ya mivinyo iliyosifiwa kuliko yote nchini iliuzwa kama mvinyo wa mezani tu, daraja la chini kabisa, kwa kuwa wazalishaji wake hawakukubali kufungwa na kanuni za mahali pao. Sassicaia, mvinyo wa pwani ya Toscana unaotokana hasa na zabibu ya Kifaransa ya Cabernet Sauvignon, ilikaa hivyo hadi ilipopata DOC yake ya Bolgheri mwaka 1994. Daraja la IGT lenyewe liliundwa mwaka 1992 kwa kiasi kikubwa ili mivinyo ya namna hiyo ipate pa kukaa. Na hapo hapo kijijini Barbaresco, mzalishaji Angelo Gaja aliyaondoa mashamba yake matatu mashuhuri kwenye DOCG kuanzia mavuno ya 1996, akaichanganya nebbiolo na zabibu nyingine, barbera, kidogo na kuiuza kama Langhe DOC, kwa bei ambayo wengi wa majirani wenye DOCG hawakuweza kuifikia. Mavuno ya 2013 yalirudi kuitwa Barbaresco. Herufi kwenye lebo zilibadilika mara mbili, nayo miteremko ni ile ile.

Chupa ya tatu ni Riserva. Daraja la kisheria ni lile lile la DOCG, ila muda wa kukomaa unapanda hadi miezi 50, na ushirika unaongeza sharti lake: kila Riserva hutoka shamba moja lenye jina. Yako 9, yakiwemo Asili, Rabajà, Pora, Ovello, Rio Sordo na Montestefano, na mvinyo wake hutengenezwa kwa njia moja na kukomazwa katika mapipa makubwa ya mwaloni, hivyo kinachotofautiana ni ardhi tu. Asili ni ya harufu nyororo na mwendo mwepesi, ilhali Montestefano ina ukakasi mzito unaoikaribia Barolo na haifai kuguswa ikiwa changa. Lebo hutaja majina ya wakulima waliochangia zabibu za shamba hilo, heshima ambayo ningependa kuiona kwenye chupa nyingi zaidi za Italia.

Je, inastahili bei yake, ambayo huelekea mara mbili ya Barbaresco ya kawaida? Kwa mwenye stoo yenye ubaridi na uvumilivu wa miaka 10 tangu mavuno, ndiyo, bila kusita. Kwa atakayeifungua mwezi huu, hapana. Atalipia nguvu ambayo bado imejifunga. Ukiwa huna mahali pa baridi, wekeza fedha hizo katika chupa mbili za Barbaresco ya kawaida.

Kuna jambo moja zaidi la kulijua mbele ya rafu. Riserva hazitengenezwi kila mwaka. Mavuno yasipofikia kiwango ambacho ushirika unakitaka, zabibu za mashamba yote yale 9, Asili na Rabajà zikiwemo, huingia katika Barbaresco ya kawaida, na bei yake haipandi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo muulize muuzaji kama mwaka ulioandikwa kwenye chupa ulikuwa na Riserva. Akijibu kwamba haukuwa nayo, chukua ile ya kawaida, maana itakuwa laini mapema zaidi na ndani yake kuna mashamba ambayo mwaka mwingine ungeyalipia karibu mara mbili.