Kisanduku Kimoja kwa Ndugu Wawili: Tathmini ya Huduma ya Uchunguzi wa Moyo

Huduma ninayoizungumzia hapa ni uchunguzi wa moyo na mishipa ya damu kwa watu wazima wasio na dalili zozote, unaotolewa na kliniki moja ya binafsi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikusudii kuiharibia sifa wala kuipigia debe. Ninataka tu msomaji ambaye mama yake ana kisukari ajue atakachokipata na atakachokikosa akienda mahali pa namna hiyo. Mama yangu aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili mwaka mmoja kabla ya kupata mimba yangu. Mimi sasa nina miaka 36. Kaka yangu, ambaye tulikwenda pamoja, ana miaka 41, na alipokuwa tumboni sukari ya mama ilikuwa ya kawaida.

Mapokezi yalikuwa ya staha, miadi haikuchelewa, na majibu yalitoka kesho yake. Sina la kuongeza hapo.

Dodoso ndilo lililonikwaza. Lina kurasa nne, limeandikwa kwa lugha nyepesi, na linauliza mambo mengi ya maana: uvutaji wa sigara, usingizi, mazoezi, dawa, ndugu aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 60. Likifika kwenye kisukari linauliza swali moja tu, kama kuna mwanafamilia mwenye ugonjwa huo, na chini yake vipo visanduku vya baba, mama na ndugu. Kaka aliweka alama kwenye kisanduku cha mama, nami nikaweka hapohapo. Machoni pa kliniki, basi, sisi wawili tulikuwa na historia moja, ilhali mmoja wetu alikaa miezi tisa katika tumbo la mama mwenye kisukari na mwingine hakukaa.

Huenda mtu akaona kwamba natafuta makosa kwa tochi, kwa hiyo nieleze kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Glukosi ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti kwa kiasi cha maana. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi ili kukabiliana na sukari inayomjia, na insulini hiyo, mbali na kushusha sukari, humkuza mtoto na kumlimbikizia mafuta mwilini. Ndiyo maana watoto wengi wa akina mama ambao kisukari chao hakikudhibitiwa huzaliwa na uzito mkubwa. Maelezo haya yalitolewa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, katika miaka ya 1950, na hadi leo bado yanafundishwa. Baadaye, watafiti waliofuatilia jamii ya Pima katika jimbo la Arizona, Marekani, walilinganisha ndugu wa tumbo moja. Katika ripoti ya mwaka 2000 walionyesha kwamba waliozaliwa baada ya mama kugundulika kuwa na kisukari walipata ugonjwa huo mara nyingi zaidi kuliko ndugu zao waliotangulia, na kwamba kwa upande wa kisukari cha baba mpangilio huo haukuonekana. Kama ingekuwa ni suala la damu ya ukoo peke yake, aliyezaliwa kwanza na aliyezaliwa mwisho wangekuwa sawa.

Kipeperushi tulichogawiwa kilitangaza kwa herufi nene kwamba mtoto wa mama mwenye kisukari ana hatari kubwa zaidi kwa asilimia 29 ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa mapema. Takwimu yenyewe ni ya kweli. Inatoka katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la BMJ, uliofuatilia zaidi ya watu milioni 2.4 waliozaliwa kati ya mwaka 1977 na 2016. Hata hivyo, asilimia ikitolewa bila kuelezwa ni ya nini humtisha mtu badala ya kumwelimisha. Utafiti huohuo ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 40, watu wapatao 18 kati ya 100 waliozaliwa na mama wenye kisukari wangekuwa wamegundulika kuwa na ugonjwa fulani wa moyo au mishipa ya damu, wakilinganishwa na 13 hivi kati ya 100 miongoni mwa wengine. Magonjwa yaliyohesabiwa ni pamoja na shinikizo la juu la damu na damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu, wala si shambulio la moyo peke yake. Tena ongezeko halikuwa moja kwa wote: lilikuwa takriban asilimia 34 pale ambapo mama alikuwa na kisukari kabla ya mimba, asilimia 19 kwa kisukari cha mimba, yaani kile kinachojitokeza wakati wa ujauzito, na asilimia 73 pale ambapo mama mwenye kisukari alikuwa pia na ugonjwa wa moyo na mishipa. Ni utafiti wa kufuatilia kumbukumbu za watu, haukuwa wa majaribio, kwa hiyo unaonyesha uhusiano bila kumaliza ubishi kuhusu chanzo. Lakini kama kliniki imeuamini kiasi cha kuunukuu, nashangaa ilivyoshindwa kumuuliza mteja swali lilelile ambalo watafiti walianza nalo.

Vipimo vyenyewe vilikuwa na mazuri na mabaya. Muuguzi alinipima presha nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mgongo hauna pa kuegemea, huku akiniuliza habari za kazi, na kifaa kikaandika 146/91. Kila moja ya kasoro hizo inaweza kupandisha kipimo. Daktari alirudia baadaye, baada ya kuniketisha kimya kwa dakika tano, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, na ikasomeka 134/84. Kwa mtu ambaye hatari yake, kwa mujibu wa utafiti ule, inahusu presha miongoni mwa mambo mengine, kosa la namna hii si dogo: lingeweza kunianzishia dawa nisizozihitaji.

Upimaji wa damu ulifanywa vizuri. Walipima kolesteroli kwa mafungu yake, mafuta mengine ya damu, utendaji wa figo na HbA1c, yaani kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Yangu ilikuwa asilimia 5.8, ambayo kwa vigezo vya Marekani iko ndani ya eneo la tahadhari linaloanzia 5.7 na kuishia 6.4. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho tangazo lao linakipa nafasi ya mbele, kilikuwa na faida ndogo kuliko vyote. Jopo la wataalamu wa huduma za kinga la Marekani lilishauri mwaka 2018 kwamba watu wasio na dalili na wenye hatari ndogo wasipimwe kwa njia hiyo, na moyo uliotoa mistari mizuri ukiwa umepumzika unaweza bado kuwa na mishipa inayoanza kuziba.

Kilichoipandisha huduma hii machoni pangu ni mazungumzo na daktari, yaliyochukua karibu nusu saa. Nilipomweleza kwamba mimi na kaka hatukukaa katika tumbo la hali moja, hakulipuuza. Aliuliza kama mama alikuwa akitumia insulini alipokuwa na mimba yangu, kama alikuwa na shida ya figo au moyo, na nilizaliwa na uzito gani. Nilimjibu kuwa nilikuwa na kilo 4.3, na kaka kilo 3.2. "Dada, hili lisikunyime usingizi," alisema, "lakini sitasubiri ufike miaka 40 ndipo nianze kufuatilia presha na sukari yako." Alinielekeza nipime presha nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, niache vipimo vya siku ya kwanza, kisha nitafute wastani wa vilivyobaki, nikijua kwamba kwa vipimo vya nyumbani mpaka wa juu ni 135/85. Wastani wangu ulitoka 128/81. Alinieleza pia kwamba nikikusudia kupata mtoto nipime sukari kabla ya mimba, kwa sababu binti wa mama mwenye kisukari ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha mimba. Swali kuhusu ujauzito, wangu au wa mama, halikuwamo popote katika zile kurasa nne.

Baada ya hapo alitumia kikokotoo cha hatari. Alikiri mwenyewe kwamba vikokotoo vinavyotumika sana havina nafasi ya jambo letu: SCORE2 cha Ulaya kinaanzia miaka 40, na QRISK3 cha Uingereza, ingawa kinaanzia miaka 25 na kinauliza kama mteja ana kisukari, hakiulizi kama mama alikuwa nacho wakati wa ujauzito. Kaka ndiye aliyepata alama mbaya, na kwa haki kabisa, kwa kuwa anavuta sigara. Daktari alimwambia wazi kwamba tumbo alilotoka halikumdhuru lakini pakiti iliyo mfukoni inamdhuru kila siku. Kaka alinuna njia nzima.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za daktari na moja ni ya maabara. Anayetaka kwenda aulize kwanza nyumbani: mama aligundulika mwaka gani, kilikuwa kisukari cha aina gani, alitibiwa kwa dawa gani, na mtoto alikuwa na uzito gani alipozaliwa. Majibu hayo ayaandike kwenye karatasi na kumkabidhi daktari mkononi, maana dodoso halitamuuliza.

Ripoti zetu zilipotoka, zote mbili zilikuwa na mstari uleule: "Historia ya familia: kisukari (mama)." Niliomba wangu urekebishwe, nikaambiwa mfumo wa kompyuta hauna sehemu ya kujaza hilo. Daktari alichukua kalamu akaandika pembeni, "tangu kabla ya mimba hii," akatia sahihi. Ya kaka ilibaki kama ilivyochapwa.