Kukusanya Malipo ya Kila Mwezi Nchini Kenya: Njia Ipi Itangulie

Mfanyabiashara anayedai watu wengi kila mwezi, awe na nyumba za kupangisha, shule ya binafsi au huduma ya intaneti mtaani, asianze kwa kuuliza ada za miamala, bali fedha zikiingia atajuaje zimetoka kwa nani na zinalipia nini. Kwa kipimo hicho nazipanga njia hizi.

Ya kwanza ni Paybill, namba ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na programu ya hesabu kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom imewawekea watengenezaji wa programu. Mlipaji huandika namba ya akaunti pamoja na kiasi. Kila mpangaji akipewa namba yake, programu hupokea taarifa papo hapo na kupunguza deni bila karani kugusa daftari. Ada waweza kuibeba wewe, ukamwachia mteja au mkagawana. Tatizo ni vidole: B12 huandikwa B21. Omba uhakiki uwashwe ili namba isiyokuwepo ikataliwe kabla ya fedha kukatwa, ingawa B21 ikiwa na mpangaji wake uhakiki hautakusaidia. Heri namba ndefu zisizofanana.

Ya pili, ambayo kwa kweli huikamilisha ya kwanza, ni ombi la malipo linalotumwa kwenye simu ya mteja, kiasi na akaunti vikiwa vimekwisha jazwa, naye akaingiza PIN tu. Simu ikiwa imezimwa, ombi hupotea.

Ya tatu ni idhini ya benki ya kukata akaunti ya mteja kila mwezi. Fomu zake huchosha, lakini kwa malipo makubwa haikwepeki, kwa kuwa muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha shilingi 250,000.

M-Pesa Ratiba, huduma iliyoanza mwaka 2024 ambayo mteja hupanga mwenyewe malipo yajirudie kwa tarehe, naiweka ya nne: ni nzuri kwa mteja mwenye nidhamu, ila salio lisipotosha siku hiyo, malipo huweza yasiingie.

Till, namba ya M-Pesa ya kulipia bidhaa dukani, naiweka mwisho. Dukani haina mshindani, maana mnunuzi hakatwi ada, lakini haina nafasi ya namba ya akaunti, na jina linaloonekana huenda ni la shemeji aliyeazimwa simu.

Kabla ya kusaini na muuza mfumo yeyote, hakikisha Paybill imesajiliwa kwa jina la biashara yako. Wengine hukupa namba yao wanayoitumia na wateja wengine, fedha zikapitia kwao kwanza, na siku ya kuachana nao utalazimika kuwafundisha wapangaji wote namba mpya.