Uzoefu wangu: Capitol ya Minnesota, ingieni ndani mtembezwe

Jamani mnaoishi huku Minnesota, na hata nyie mnaopita tu kusalimia ndugu, hii Capitol ya St. Paul, yaani jengo la bunge la jimbo, msiishie kuipiga picha kwa nje. Ombeni mtembezwe na watu wa Minnesota Historical Society (chama cha historia cha Minnesota), kiingilio hakuna, ukitaka unaacha mchango wako.

Mimi kilichonishika ni habari ya mawe. Jengo hili ni la 3, la kwanza liliungua 1881, na hili alilichora Cass Gilbert, huyohuyo aliyekuja kuchora jengo la Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington, likafunguliwa 1905. Sasa Gilbert alitaka marumaru nyeupe ya Georgia, na wakati huo wazee wa Minnesota waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe wapo hai kabisa, na Georgia ndo walikuwa maadui zao! Zogo likawaka, tununueje mawe kwao wakati ya kwetu tunayo? Mwisho wakaelewana, msingi na ngazi za nje ziwe graniti ya hapahapa St. Cloud, juu ndo ije hiyo marumaru. Simama nje utauona mpaka wenyewe, chini kijivu, juu nyeupe. Sogea karibu na ukuta utaona pia viraka vya ule ukarabati mkubwa wa 2013 hadi 2017, ua jipya la kuchongwa kwenye marumaru kingo zake kali, la jirani limelika na baridi hadi limekuwa laini.

Kuba limefuatisha lile la Mtakatifu Petro kule Roma, ukiwa chini yake inua kichwa taratibu, usikimbilie simu.

Alafu paa! Hali ya hewa ikiruhusu wanakupandisha hadi kwenye zile sanamu za farasi 4 zilizopakwa dhahabu, kazi ya Daniel Chester French na Edward Potter, na French ndo yule aliyechonga Lincoln aliyekaa kitini Washington. Ngazi ni nyembamba na nyingi, mwenye magoti mabovu abaki chini. Ila ukifika juu unaona mji wote wa St. Paul hadi Cathedral, lile kanisa kuu.

Chini kabisa kuna mgahawa wenye misemo ya Kijerumani ukutani, wakati wa vita ya kwanza ya dunia ilipakwa rangi ikafichwa kwa chuki dhidi ya Wajerumani, sasa imerudishwa yote. Mwambieni anayewatembeza asiuruke.

Nyota 5 kwangu. Parking inasumbua, pandeni treni ya Green Line mshuke Capitol/Rice Street, na nendeni kiangazi, maana baridi ikikaza paa hamlioni.